Deni la Kenya: Tubishanie Mkataba, Tarakimu Zitangoja

Hamjambo nyote. Wazee wetu, walimu wenzangu, na nyinyi vijana mliosimama kule nyuma kwa kukosa viti, asanteni kwa kuja. Nimeombwa nizungumzie swali ambalo halijapoa nchini kwa zaidi ya miaka kumi: je, serikali ilifuja pesa za umma? Nitalijibu, ila nadhani jibu langu halitawafurahisha wanasiasa wa upande wowote.

Tuanze na tarakimu, maana ndizo zinazopigiwa kelele jukwaani. Katikati ya mwaka 2013, Uhuru Kenyatta na naibu wake William Ruto wakiwa ndio kwanza wameingia, deni la taifa lilikuwa kama shilingi trilioni 1.9. Kufikia katikati ya 2022 lilikuwa limefika kama trilioni 8.6, na Juni 2024 lilishapita trilioni 10. Mpinzani akizitaja hizo mbele ya umati, watu wanaguna. Waziri naye anasimama, anasema uchumi pia umekua, tazameni deni kwa kulilinganisha na pato la taifa, tazameni barabara, tazameni stima vijijini. Si mmoja wala mwingine anayesema uongo. Shida ni kwamba ukishawasikiliza wote wawili unarudi nyumbani bila kujua kama ulikopeshwa vizuri au vibaya.

Chukueni Eurobond ya Juni 2014, yaani hati za mkopo wa dola ambazo serikali huwauzia wawekezaji wa nje. Kenya ilikuwa inaingia soko hilo kwa mara ya kwanza, na wawekezaji waliigombania. Tulikopa dola bilioni 2, na Desemba tukaongeza milioni 750. Ndani ya jumla hiyo mlikuwa na dola bilioni 2 za miaka kumi, kwa riba ya asilimia 6.875, za kulipwa kwa mkupuo tarehe 24 Juni 2024. Huo mkupuo ndio nataka muutazame. Siku tulipokopa, dola moja ilikuwa kama shilingi 88, kwa hivyo tulidaiwa kama shilingi bilioni 176. Januari 2024 dola ilifika shilingi 160. Deni lilelile, bila kuongezwa hata dola moja, likawa bilioni 320! Shilingi ikajikokota ikarudi hadi karibu 129 kufikia Juni, tukapumua kidogo. Sasa niambieni, katika mabishano yote mliyoyasikia kuhusu Eurobond, ni mwanasiasa gani aliyewafanyia hesabu hiyo?

Walichobishania ni wizi. Raila Odinga, kiongozi wa upinzani wakati huo, alisema sehemu kubwa ya pesa haijulikani ilikokwenda. Waziri wa Fedha wa wakati huo, Henry Rotich, akajibu kwamba zilitumika kwenye miradi ya wizara. Mkaguzi Mkuu wa Hesabu, Edward Ouko, akaandika kwamba bado hajaweza kuthibitisha matumizi yake. Palikuwa na hoja nzito ya kisheria pia: pesa zilipokelewa kwenye akaunti ya New York, na karibu dola milioni 600 zikalipa mkopo mwingine wa mabenki kutoka hukohuko, ilhali Ibara ya 206 ya Katiba inataka pesa zinazokusanywa au kupokelewa na serikali ziingie kwanza kwenye mfuko mkuu wa serikali, isipokuwa pale sheria inaporuhusu vingine. Madai ya wizi hayakuthibitishwa mahakamani. Lakini hata kama kila senti ilifika ilikokusudiwa, bado ungekuwa umekopa dola za kulipwa siku moja, kwa nchi ambayo ushuru wake mwingi unakusanywa kwa shilingi. Huo kwangu ni uzembe, na mtu anaweza kuufanya bila kuiba chochote.

Halafu tazameni viti vilivyobadilishana. Ruto, aliyekuwa naibu wa rais miaka yote tisa ya mikopo hiyo, alilihutubia bunge 2022, sasa akiwa rais, akisema nchi inaishi kupita uwezo wake. John Mbadi, aliyekuwa kiongozi wa wachache bungeni, akawa Waziri wa Fedha Agosti 2024 na kuanza kuyaeleza madeni aliyokuwa akiyalaumu. Simcheki Mbadi, nitamsifu kwa jambo moja baadaye kidogo. (Ndiyo, mzee, naona unatikisa kichwa. Ningoje.)

Hapa Mombasa SGR, ile reli mpya ya kwenda Nairobi, hatuhitaji kufundishwa. Ilizinduliwa tarehe 31 Mei 2017, kilomita 470 na ushei hadi Nairobi, kwa kama shilingi bilioni 327, nyingi zikiwa mkopo wa Exim Bank ya China. Kujenga reli peke yake hakukuwa wazimu. Ile ya mkoloni ilikuwa imechoka, na karibu mizigo yote ilikuwa inapanda barabarani na malori. Lakini mwaka 2013 Benki ya Dunia ilishaeleza kwamba kuikarabati ya zamani kungekuwa na gharama ndogo kuliko kujenga mpya na kungetosha mizigo iliyopo. Serikali ikachagua mpya, ikaanzisha ushuru wa reli wa asilimia 1.5 juu ya bidhaa zinazoingia nchini, na ikasubiri mizigo ije.

Haikuja kama ilivyotarajiwa. Basi 2019 ikatolewa amri kwamba makontena ya Nairobi na ya nchi jirani yapande reli, yakakaguliwe kwenye bandari ya nchi kavu kule Embakasi. Mnakumbuka kilichotokea. Wenye malori, mawakala wa forodha, wenye maghala ya Changamwe, hadi akina mama wenye mikahawa kando ya barabara, wote wakaona riziki inapanda treni. Watu wakaandamana, na ilipofika 2022 utawala mpya ukairudisha shughuli ya kukagua mizigo bandarini hapa. Mradi ambao hesabu zake zimekaa sawa hauhitaji amri ya kuwakamata wateja.

Na mkataba wake? Kwa miaka tuliambiwa ni siri. Novemba 2022, Waziri wa Uchukuzi Kipchumba Murkomen alichapisha sehemu ya hati, ndipo tukasoma kwamba mgogoro wowote unaamuliwa Beijing, na kwamba mmoja wa mikopo ile una riba inayofuata kiwango cha soko la London pamoja na asilimia 3.6 juu yake. Na kwa kuwa mkopo ulikuwa wa dola, kiwango hicho kinapanda na riba za Marekani: benki kuu ya Marekani ilipopandisha riba kuanzia 2022, sisi wa Miritini tulilipia. Hapa ndipo ninapomsifu Mbadi: Oktoba 2025 Hazina ilitangaza kwamba mikopo ya reli imegeuzwa kutoka dola kwenda yuan, na kwamba itaokoa kama dola milioni 215 kwa mwaka. Ni habari njema. Lakini mkikubali kwamba kubadilisha masharti tu kunaokoa pesa zote hizo, mmekubali pia kwamba masharti ya mwanzo yalitugharimu, na waliotia sahihi wanajulikana.

Sasa 2024. Februari, tarehe 24 Juni ikikaribia, Kenya ilikopa dola bilioni 1.5 kwa asilimia 9.75 ili inunue sehemu kubwa ya Eurobond ya 2014. Masoko yakashangilia, shilingi ikapanda. Nami sikuona njia nyingine iliyokuwa imebaki. Ila deni la asilimia 6.875 limezaa la 9.75, litakalolipwa 2029, 2030 na 2031. Kisha ukaja Mswada wa Fedha, wa kukusanya kodi za ziada za shilingi bilioni 346, na ndani yake VAT ya asilimia 16 kwenye mkate kabla haijaondolewa. Tarehe 25 Juni, siku moja baada ya Eurobond kukomaa, vijana waliingia bungeni, wengine wakapigwa risasi wakafa. Kesho yake Rais akakataa kuutia sahihi. Waliouawa siku ile wengi wao walikuwa shule ya msingi wakati pesa zile zinakopwa. Ibara ya 201 inasema mzigo wa mikopo ugawanywe kwa haki kati ya kizazi cha sasa na vijavyo.

Kuna kijana ameniandikia kikaratasi hapa: "Mwalimu, kwa hivyo tusikope?" Tukope. Barabara ya Thika nayo ni ya mikopo, na sijasikia anayetaka ibomolewe. Lakini someni Ibara ya 211. Bunge la Taifa au Seneti, lolote kati ya hayo mawili, likipitisha azimio, Waziri wa Fedha anapaswa kuleta ndani ya siku saba maelezo ya mkopo wowote utakaotajwa: jumla yake, pesa zilivyotumika, mpango wa kuulipa, na ulipofikia. Siku saba! Mbunge wenu akija tena kuwaambia fulani alifuja pesa, mwulizeni ni mkopo upi alioutolea hoja ya namna hiyo, na tarehe gani.