Mchezaji gofu wa chuo, na siku fimbo zinapowekwa chini
Mhadhara kwa wanafunzi na wazazi, Mafinga

Kamwene! Wazazi shikamooni, vijana hamjambo.

Tuanze na fimbo namba saba. Kijana akiipiga hapa Mufindi, mpira ukaruka mita 150, ataandika 150 kwenye barua yake kwa kocha wa chuo Marekani. Hajadanganya. Ila hapa tuko karibu mita 1,900 kutoka usawa wa bahari, hewa nyepesi, mpira haushikwi; kama asilimia 7 ya umbali ule ni zawadi ya mlima. Mpeleke Florida pwani, fimbo ileile na mkono uleule, anapata 140. Kwenye zile mita kumi ndipo bunka, lile shimo la mchanga, lilipo. Basi namba zako ziandike pamoja na mwinuko wa uwanja, na zigeuze ziwe yadi. Mita 140 ni yadi 153. Kocha wa kule hahesabu kwa mita.

Handikapu, yaani namba inayoonyesha kiwango chako cha uchezaji, ni lazima uwe nayo, ingawa kocha haimbabaishi. Sikieni inavyopatikana. Umepiga mikwaju 78 kwenye uwanja wenye kadirio la 71.5, yaani mikwaju anayotarajiwa kupiga mchezaji hodari, na kipimo cha ugumu 125; uwanja wa kawaida ni 113. 78 toa 71.5 ni 6.5, zidisha kwa 113, gawanya kwa 125, unapata 5.9. Katika raundi zako 20 za mwisho zinachukuliwa 8 zilizo bora, na wastani wake ndio handikapu. Raundi 12 zimekaa nje ya hesabu, na kocha anataka kuziona hizohizo. Anataka matokeo ya mashindano ya raundi tatu, kadi zimesainiwa, na ile siku ya upepo imo. Ongeza video fupi: mpigo mmoja kamera ikiwa mbele ya kifua chako, mwingine ikiwa nyuma yako kwenye mstari wa shabaha. Muziki wa nini? Uondoe.

Darasani, Divisheni ya Kwanza ya NCAA, yaani chama kinachosimamia michezo ya vyuo kule, inadai masomo 16 ya msingi ya sekondari na wastani usiopungua 2.3 kwa kipimo cha 4. Na usikae nyumbani mno. Ukimaliza sekondari una mwaka mmoja tu. Ukipita hujaingia chuo na bado unashindana, unaanza kukatwa misimu yako ya kuchezea chuo.

Sasa wazazi, hapa naomba masikio. Neno "ufadhili" lina matabaka. Kwa miaka mingi timu ya wanaume ya Divisheni ya Kwanza ilikuwa na ufadhili 4.5 tu, ya wanawake 6, na kocha aliugawanya vipandevipande. Tangu msimu wa 2025 vyuo vilivyoingia kwenye utaratibu mpya vina kikomo cha wachezaji 9, na vinaweza kuwafadhili wote. Vinaweza, havilazimiki. Ulizeni kwa maandishi: ada, malazi, chakula, vitabu, bima, na ni kwa mwaka mmoja au minne? Barua inayosema "msaada wa kimichezo" bila kutaja kiasi, msiuzie ng'ombe.

Akishafika, kanuni inasema saa 20 za michezo kwa wiki. Lakini siku ya mashindano huhesabiwa saa 3, hata kama mchezaji amepiga mashimo 36 toka alfajiri hadi jua kuchwa huku mfuko uko begani mwake. Ndiyo, 36, mashindano mengi ya vyuo ni raundi mbili siku ya kwanza na moja siku ya pili. Wanacheza watano, yanahesabiwa matokeo bora manne. Wa tano katembea bure, na aliyeshindwa mchujo wa ndani ya timu kabaki bwenini, awe na ufadhili au hana. Mazoezi huwa mchana, na maabara za sayansi nazo huwa mchana. Kinachofuata mnakijua: anashauriwa kuchagua kozi nyepesi. Mimi naona hapo ndipo maisha ya baadaye yanapoharibika, mapema kuliko watu wanavyodhani. Muulizeni kocha kabla ya kusaini: wachezaji wako wa sasa wanasoma nini?

Baada ya miaka minne, mlango wa kulipwa upo, ila ni mwembamba. Ludvig Åberg wa Sweden alimaliza Texas Tech mwaka 2023, akawa wa kwanza kupewa kadi ya kucheza PGA Tour, ziara kuu ya gofu ya kulipwa ya Marekani, kwa kuongoza orodha ya wanavyuo, na Septemba mwaka huohuo alicheza Ryder Cup, Ulaya dhidi ya Marekani, kule Roma. Kadi ile hupewa mmoja kwa mwaka. Wengine wanaanzia ziara ndogo, wakijilipia kiingilio, hoteli na nauli kila wiki.

Wasiofuata njia hiyo, ambao ndio wengi, wana mtego wa kalenda. Mwenye viza ya F-1, ile ya mwanafunzi, akihitimu anaruhusiwa kufanya kazi ya fani yake kwa miezi 12, inaitwa OPT. Waliosoma sayansi, teknolojia, uhandisi au hisabati wanaweza kuomba 24 zaidi. Dirisha la maombi hufunguka siku 90 kabla ya masomo kwisha na hufungwa siku 60 baada yake. Kumbe Mei, mwezi wa kuhitimu, ndio mwezi wa fainali za gofu. Fomu ijazwe Machi, kabla akili haijahamia kwenye griini, zile nyasi fupi zenye shimo. Ruhusa ikishaanza, ukifikisha zaidi ya siku 90 bila kazi umejiharibia.

Anayerudi nyumbani apeleke shahada yake TCU, Tume ya Vyuo Vikuu Tanzania, itambuliwe kabla ya kuanza kuomba kazi. Mgongo wa chini na kifundo cha mkono, vinavyoumia zaidi kwenye gofu, avipime angali na bima ya chuo.

Kuna fani moja ambayo huku kwetu haitajwi: elimu ya nyasi. Vyuo kama Penn State na Michigan State vinaifundisha. Aliyeisoma anajua kwa nini griini hukatwa karibu milimita 3, kwa nini maji yanayotuama huoza mizizi, mchanga gani uwekwe chini na lini udongo utobolewe upumue. Viwanja vya mpira wa miguu vya mkoa wa Iringa na Mbeya vina shida hizohizo, na hivyo havihitaji handikapu.

Karibuni maswali.