Pikipiki Ikizima Njiani: Mazungumzo na Madereva Wapya wa Bodaboda

Asanteni kwa kuacha abiria wa asubuhi mkaja kunisikiliza. Wengi wenu hamjamaliza mwezi barabarani. Jana pale Msamvu, hapa Morogoro, nilimwona mwenzenu akipiga kiki mpaka shati limelowa jasho, na abiria wake, mama mjamzito, amesimama juani anasubiri. Pikipiki ilikuwa nzima. Ile swichi nyekundu ya kuzimia, ya mkono wa kulia, ilikuwa imeguswa bila yeye kujua. Iliniuma, ndiyo maana nimewaita.

Ikizima, kwanza itoe barabarani. Abiria ashuke, isukume hadi pembeni kabisa, helmeti ibaki kichwani. Malori ya njia ya Iringa yakitokea kwenye kona hayana pa kukukwepea.

Halafu, kabla mguu haujagusa kiki, jiulize: imezimaje? Hapa nataka mnisikilize sana, vijana wangu. Iliyokatika ghafla, kama taa ya nyumbani umeme ukikatika, mara nyingi shida yake ni moto wa plagi, yaani ile cheche inayowasha petroli ndani ya injini. Iliyokohoa, ikalegea, ikafa taratibu, mara nyingi ni mafuta. Ukilijua hilo umeshapunguza nusu ya kazi, na hata fundi utakayempelekea ataanza kwa swali hilohilo.

Tuseme imekohoa. Usiamini mshale wa mafuta. Fungua tanki, itikise, uangalie kwa macho. Koki, ule mlango wa mafuta chini ya tanki, igeuzie kwenye rizevu, yaani mafuta ya akiba. Na unapofungua mfuniko, tega sikio. Ukisikia hewa inavutwa ndani, fyuu, kisha pikipiki ikawaka, basi tundu la hewa la mfuniko limeziba kwa vumbi. Tanki lisilopumua halishushi petroli. Nimeona kabureta nzima, zile zinazochanganya petroli na hewa, zikifunguliwa na kuharibiwa kwa sababu ya katundu hako tu.

Na nyinyi mnaonunua petroli ya kwenye chupa kando ya njia, angalieni maji. Maji ni mazito kuliko petroli, hukaa chini ya bakuli la kabureta. Injini ikishapoa, legeza skrubu ya chini ya bakuli, kinga kwa chupa inayoonyesha ndani, utayaona yamejitenga chini. Sigara isiwe karibu, ya kwako wala ya mpita njia.

Tuseme imekatika ghafla. Swichi nyekundu, ufunguo, kisha kofia ya plagi: ibonyeze ikae sawa, na kama mvua ilinyesha ikaushe kwa kitambaa. Bado? Toa plagi. Ikiwa kavu kabisa, mafuta hayafiki. Rudi kwenye koki. Ikiwa imelowa petroli, ama hakuna moto, ama umeinywesha kupita kiasi kwa kiki nyingi huku umevuta choki, ile ya kupunguza hewa injini ikiwa baridi. Ifute, irudishe, funga koki, rudisha choki, zungusha mkono wa mafuta mpaka mwisho, upige kiki kadhaa. Mara nyingi itawaka ikitoa moshi.

Kuitazama cheche kunahitaji uangalifu. Vika plagi kofia yake, chuma chake kiguse injini mbali na tundu ilimotoka, maana mvuke wa petroli hushika moto. Usiishike kwa mkono mtupu. Cheche nzuri ni ya bluu na unaisikia ikilia. Ikiwa ya njano na hafifu, badilisha plagi kwanza, ndiyo kitu rahisi. Kwa injini za aina ya CG125, ule muundo wa Honda, nafasi ya kurukia cheche ni milimita 0.6 hadi 0.7, plagi iliyolika huizidi.

Kiki ikigoma kushuka, acha kabisa. Yawezekana oili imekauka na injini imekamata. Usiitie gia mkaisukuma ili iwake, mtaimaliza. Mwite fundi.

Sasa sogeeni kwenye hii hapa, nimekuja na spana ya plagi. Wewe wa koti la njano, itoe, tuone ina rangi gani.