Uongozi wa Kinyerere, wa Mwaka Upi?

Ndugu Mwenyekiti, wahadhiri wenzangu, wanafunzi na wananchi mliopanda Mlimani jioni hii, wanaonifahamu wanajua kwamba neno "kinyerere" likitamkwa mbele yangu huuliza papo hapo: la mwaka upi? Naona baadhi yenu mmeshaanza kucheka. Chekeni, lakini nitauliza tena kwa sababu sijajibiwa.

Kwenye kijiwe kimoja cha kahawa pale Magomeni niliwakuta wazee wawili waliokubaliana kabisa kwamba nchi inahitaji uongozi wa kinyerere, nikawaomba wanifafanulie. Wa kwanza, karani mstaafu, alitaja miiko ya Azimio la Arusha la mwaka 1967: kiongozi asiwe na mishahara miwili, asiwe na hisa katika kampuni yoyote, asiwe na nyumba ya kupangisha. Mwenzake akatua kikombe. "Mimi, kaka, nazungumzia amri. Mwaka 1974 kule kwetu Shinyanga tuliambiwa tuhamie kijijini, na aliyesita alibomolewa nyumba." Karani akamuuliza kama hayo ndiyo anayoyatamani. "Watu wa siku hizi hawasikii, bwana," akajibu, akaagiza kashata. Wazee hao wangepiga kura pamoja kwa furaha, na serikali yoyote ambayo ingepatikana ingemwacha mmoja wao akilalamika.

Wala sijagusa Nyerere aliyeacha uwaziri mkuu Januari 1962, wiki chache tu baada ya Uhuru, ili akakijenge chama. Wala yule ambaye chama chake, kikiwa madarakani mwaka huohuo, kilipitisha sheria ya kuwaweka watu kizuizini bila kuwafikisha mahakamani. Wala yule wa chama kimoja cha mwaka 1965, na yule aliyewahimiza wenzake mwaka 1990 wajadili vyama vingi. Mwanasiasa anayejiita wa kinyerere huchukua anachokipenda, nasi tunampigia makofi bila kuuliza amechukua kipi.

Kiambishi chetu "ki-" kinamsaidia. Tunaposema mtu amelia kitoto, hatusemi kwamba ni mtoto. Tunaeleza namna alivyolia. Vivyo hivyo "kinyerere" au "kimagufuli" hutuelekeza kwenye namna, yaani sauti, mavazi, ukali, ziara za kushtukiza, na kabla hatujatanabahi mjadala wa sera umegeuka mjadala wa mwendo.

Nitaambiwa kwamba wanahistoria hawawezi kufanya kazi bila majina haya. Sawa. Mwingereza anayeutaja wakati wa Victoria anataja miaka kati ya 1837 na 1901; hapo jina ni kalenda, na kalenda sina ugomvi nayo. Semeni "enzi za Mwinyi" hadi asubuhi. Ugomvi wangu ni na yule anayelitumia jina la mtu kama ilani ya uchaguzi.

Muda unanikimbia. Nitasema tu kwamba Nkrumah wa Ghana, ambaye ukumbi mkubwa wa chuo hiki unaitwa kwa jina lake, aliruhusu itikadi ya chama chake iitwe kwa jina lake, naye akapinduliwa mwaka 1966. Mobutu naye akaiita itikadi ya chama chake kwa jina lake kule Zaire mwaka 1974. Mwalimu aliita yake Ujamaa, jambo ambalo wanaojiita wa kinyerere wangelitafakari kidogo.

La mwisho ni "ukapa". Hilo halikutungwa na ofisi ya chama wala na sisi wahadhiri. Vijana wa mitaani, katika miaka ya kubana matumizi na kubinafsisha mashirika ya umma, walilichukua jina la Rais wa wakati huo, Benjamin Mkapa, wakalisogeza karibu na "kutoka kapa", wakapata jina la mfuko usio na kitu. Mtu akisema "nina ukapa", haelezi Mkapa alivyozungumza wala alivyovaa. Anaeleza hali ilivyomfikia yeye nyumbani kwake. Unaweza kubishana naye kwamba deni la nje lilipungua katika miaka hiyo, naye akakujibu, na hapo angalau mnabishana juu ya sera. Mwenyekiti, nakaribisha maswali.