Dirisha la Kumi

Mabibi na mabwana, nianze na madirisha. Mwaka 1696 Uingereza ilianza kutoza nyumba kodi kwa kuhesabu madirisha yake. Hoja ilikuwa na mantiki: tajiri ana nyumba kubwa, nyumba kubwa ina madirisha mengi, na mtoza kodi anayahesabu akiwa barabarani bila hata kubisha hodi. Mwaka 1747 viwango vikabadilishwa. Mwenye madirisha 9 hakudaiwa kitu kwa ajili ya madirisha. Akifikisha 10, anatozwa peni 6 kwa kila moja, yote kumi. Mnadhani watu walifanya nini? Waliziba kwa matofali!

Tulipigie hesabu hilo dirisha la kumi. Serikali haikupata hata peni. Mwenye nyumba kabaki gizani, na matofali kayanunua mwenyewe. Hasara ipo, aliyefaidika hayupo, na hutaiona katika vitabu vya hazina, maana hazina huandika kilichoingia tu. Mijini ilikuwa mbaya zaidi. Mdaiwa kisheria alikuwa mwenye jengo, lakini aliyekosa hewa ni mpangaji. Ilichukua hadi 1851 kuifuta kodi hiyo.

Marekani nayo, mwaka 1990, iliweka kodi ya asilimia 10 kwenye sehemu ya bei ya boti za anasa iliyozidi dola 100,000. Matajiri wakaenda kununua vitu vingine, mafundi wa boti wakaachishwa kazi. Uchumi wenyewe ulikuwa umedorora, nakubali, ila Bunge lenyewe liliifuta mwaka 1993.

Sasa niwaudhi wenzangu wa soko huria. Tunapenda kumsifu Ronald Reagan, rais wa Marekani wa miaka ya 1980: kiwango cha juu cha kodi ya mapato kilishuka kutoka asilimia 70 hadi 28. Sawa. Lakini matumizi ya serikali hayakushuka, na deni la taifa likakaribia kuongezeka mara tatu. Shilingi iliyotumika lazima ilipwe na mtu: leo kwa kodi, kesho kwa marejesho ya deni na riba, au kimyakimya kwa mfumuko wa bei, ambao hakuna mbunge anayeupigia kura.

Ndiyo maana bajeti ikisomwa, viwango vya kodi naviacha kwanza. Naenda moja kwa moja kwenye jumla ya matumizi, kisha malipo ya riba. Waziri akitangaza nafuu ya kodi huku jumla ile imepanda, muulizeni tofauti kaikopa wapi, na kwa riba gani.

Karibuni kwa maswali.