Fremu ya ndani kwenye tovuti: itumie wapi, iache wapi

Karibuni sana. Leo tunapachika ramani ya duka la vitenge la Kariakoo kwenye tovuti yake, kwa tegi (alama ya HTML, lugha ya kuandikia kurasa za wavuti) ya iframe, yaani fremu ya ndani: ukurasa wa mwingine unafunguka ndani ya ukurasa wako. Wapo mafundi wanaosema tegi hii imepitwa na wakati. Si kweli. Iliyoachwa kwenye HTML5, toleo jipya la HTML, ni frameset, ile ya kugawa dirisha zima vipande vipande. Iframe ilikuja na kivinjari cha Internet Explorer 3 mwaka 1996 na mpaka leo ni halali kabisa.

Fungua Google Maps kwenye kompyuta, tafuta duka, bonyeza kitufe cha kushiriki, chagua kupachika ramani, nakili kodi, yaani yale maandishi ya HTML utakayopewa. Ibandike kwenye ukurasa wa mawasiliano.

Sasa tazama hapa. Kodi imekuja na upana wa 600, na simu nyingi za wateja wetu zina upana wa pikseli 360 na kitu. Ramani inatoka nje ya kioo, ukurasa wote unayumba. Futa 600, weka width="100%", urefu shusha hadi 300. Ongeza title="Ramani ya duka, Mtaa wa Msimbazi", ili asiyeona asomewe na simu yake kilichomo. Halafu hakikisha loading="lazy" ipo, ramani isubiri mpaka mtu ashuke karibu nayo. Hili msilipuuze jamani! Mteja anatumia bando lake, na pengine alikuja kuangalia bei tu.

Menyu na orodha ya bidhaa usiziweke kwenye iframe kamwe. Mteja akifungua kitenge humo ndani, anwani ya juu haibadiliki. Akitaka kumtumia dada yake WhatsApp, anatuma ukurasa wa mwanzo.

Ukipachika tovuti ukaona boksi tupu, huenda wenye tovuti hiyo wamezuia kwa X-Frame-Options, agizo linalokiambia kivinjari kisiifungue ndani ya fremu, kwa sababu kuna matapeli wanaotandaza kurasa za watu, zisizoonekana, juu ya vitufe vya uongo. Usihangaike kukizunguka kizuizi hicho. Weka kiungo cha kawaida.

Na kwa duka moja kama hili, mimi ningeweka picha ya mlango wa duka yenye kiungo cha ramani. Mteja akiigusa, ramani inafunguka kwenye simu, anamwonyesha bodaboda hapo hapo.