Kidole Gumba Kinachotembea Peke Yake

Asanteni. Kaeni, kaeni. Leo sianzi na madhara ya simu. Hayo mmeyasikia mpaka mnaweza kuniimbia. Naanza na kidole gumba changu.

Likizo moja nilitangaza nyumbani: ikifika saa kumi na mbili jioni, simu zote ndani ya sufuria, kifuniko juu. Wanangu wakanuna, wakatii. Tukaketi kula. Haikupita muda binti yangu mdogo akaniuliza, "Baba, unafanya nini?" Nikatazama. Kidole gumba kinapanda na kushuka juu ya kitambaa cha meza. Kinaperuzi! Hakuna simu, hakuna kioo, ni kitambaa tu chenye doa la mchuzi, na kidole kiko kazini. Walicheka mpaka mmoja akapaliwa. Na kabla hatujanawa, sufuria ikaanza kutetemeka. Simu ya nani? Msinicheke, jibu mnalo.

Ndiyo maana mzazi akiniletea mtoto, "mwalimu, mseme huyu, haachi simu," kwanza namuuliza yake iko wapi. Mara nyingi iko mkononi, tena imewaka.

Kidole kile hakikujifundisha. Mwaka 2006 mbunifu wa Marekani, Aza Raskin, alibuni ukurasa usio na mwisho: unashuka, na mengine yanajipanga chini. Alitaka kutupunguzia kubofya. Baadaye akajutia hadharani. Kilichoondolewa pale ni kituo. Gazeti lina ukurasa wa nyuma. Redio ilisema "na huo ndio mwisho wa taarifa ya habari", mzee akazima, akaenda kulala. Hata bibi wa paukwa-pakawa alifika mahali akasema hadithi yangu imeishia hapo. Simu haisemi. Basi mtoto anayeshindwa kuacha msimwite mkaidi. Yuko kwenye gari ambalo vituo vyake vimeng'olewa. Itabidi tuvisimike sisi.

Naona mkono kule nyuma, na swali nalijua: "Kazi za shule zimo humo humo." Zimo, sikatai. Lakini kazi ya shule ina swali la mwisho. Nani hapa amewahi kukesha kwa ajili ya swali la 10? Mnakesha na video iliyojileta mkiwa swali la 3!

Naonyeshwa karatasi ya dakika mbili, kwa hiyo nakimbia. Macho: mbele ya kioo tunapepesa kope kidogo mno, ndiyo yanawasha. Kila dakika 20, tazama kitu kilicho umbali wa mita 6 hivi, kwa sekunde 20. Watoto wadogo: Shirika la Afya Duniani lilishasema mwaka 2019, chini ya mwaka 1 asitazame kabisa, wa miaka 2 hadi 4 isizidi saa 1 kwa siku. Usingizi nilikuwa na kurasa nne, naziruka. Simu ilale chumba kingine. Na msinipe kisingizio cha kengele ya kuwaamsha. Saa za mezani zilikuwepo kabla hatujazaliwa.

Jumamosi hii, basi, simu zote ndani ya sufuria tangu chakula cha mchana mpaka giza liingie. Wazazi mnatangulia. Mtoto atasema hana la kufanya. Mwacheni hivyo hivyo. Binti yangu siku ile alilalamika nusu saa nzima, kisha akachukua mwiko na kile kifuniko cha sufuria, akapiga ngoma. Kelele mbaya ajabu. Sikumzuia.