Nani Yuko Getini Kesho Asubuhi?

Mwenyekiti, wazee wetu, vijana wa vikundi vya mazingira, na nyote mlioacha shughuli zenu mkaja, hamjambo.

Nimeombwa nizungumze juu ya wananchi wanaolihangaikia jiji letu la Nairobi ili hewa yake ivutike na mito yake ipitike. Ningeweza kuwatajia miradi mingi, mkapiga makofi, tukaenda kunywa chai. Nitakaa zaidi na mmoja, Msitu wa Karura, kwa sababu unatufundisha jambo ambalo wapenda mazingira hatupendi kulizungumzia: mishahara.

Karura ilitangazwa rasmi kuwa msitu wa serikali mwaka 1932. Ni zaidi ya hekta 1,000, katikati ya mitaa ya kitajiri ya Muthaiga, Runda na Gigiri, na Barabara ya Kiambu. Kwa hiyo kufikia mwisho wa miaka ya tisini ulikuwa umelindwa na sheria kwa zaidi ya miaka 60. Na bado ulimegwa, vipande vikagawiwa kampuni za watu binafsi kwa ajili ya majumba ya kifahari. Sheria ilikuwepo, wanyakuzi nao walikuwa na hati.

Yaliyofuata wengi wenu mnayajua. Mwaka 1998 Profesa Wangari Maathai na wenzake wa Green Belt Movement, shirika la kupanda miti aliloliasisi, waliingia Karura na miche. Oktoba mwaka huo mitambo ya ujenzi ikateketezwa. Tarehe 8 Januari 1999 walirudi kupanda mti, wakavamiwa na genge lililowekwa kulinda mahali pale. Profesa akapasuliwa kichwa. Akaenda kituo cha polisi, akaandikisha taarifa, na akaitia sahihi kwa damu yake. Kumbukeni kwamba makao ya Shirika la Mazingira la Umoja wa Mataifa yako Gigiri, jirani kabisa na msitu, kwa hiyo dunia ililiona jambo hili kwa karibu. Kofi Annan, Katibu Mkuu wa Umoja wa Mataifa wa wakati huo, alilaani. Wanafunzi wa vyuo vikuu wakajaa barabarani, wakala vitoa machozi. Tarehe 16 Agosti 1999 Rais Moi akatangaza kusimamisha ugawaji wa ardhi ya umma.

Wasimuliaji wengi hufunga kitabu hapo. Mimi nawaomba mkifungue tena, maana miaka kumi iliyofuata ndiyo yenye somo. Katika miaka hiyo, nani kati yenu alimpeleka mtoto Karura? Msitu ulikuwa wa wakata miti wa usiku, wapika chang'aa na majambazi. Maiti zilitupwa humo. Hati zilikuwa zimezuiwa, lakini panga liliendelea kukata, kwa sababu hakuna aliyekuwa akiamka asubuhi akasema: leo zamu ni yangu.

Kilichobadilika ni mambo mawili yaliyokutana. Kwanza, Sheria ya Misitu ya 2005 iliruhusu wananchi wanaoishi karibu na msitu waunde chama na kuusimamia pamoja na Huduma ya Misitu ya Kenya. Pili, mwaka 2009 hivi, majirani wa Karura wakajipanga chini ya Friends of Karura Forest. Wakatafuta wafadhili, wakajenga uzio wa umeme, na mwaka 2011 msitu ukafunguliwa kwa umma.

Niseme jambo ambalo huenda likamkera mtu hapa. Karura ilibahatika kuwa na majirani wenye mifuko. Mmoja wa waliosukuma kazi ya uzio alikuwa mke wa balozi wa Uingereza wa wakati huo. Korogocho, mtaa wetu wa mabanda, haina jirani wa aina hiyo. Anayewaambia vijana wa Korogocho "igeni Karura" bila kulitaja hilo anawadanganya.

Lakini uzio peke yake ungeng'olewa. Ukiwauliza wanaoujua msitu ule, watakuelekeza Huruma. Sisemi Huruma ya Mathare, ni kile kijiji cha Huruma kilicho pembeni ya Runda. Kabla ya hapo, vijana wa vijiji kama hicho ndio waliotuhumiwa kwa kila mti ulioanguka. Baadhi yao wakaajiriwa kuwa walinzi. Kijana anayejua njia zote za panya ndani ya msitu akavalishwa sare akalipwa kuzilinda. Akina mama nao wakaruhusiwa kuokota kuni kwa utaratibu, badala ya kukimbizana na askari. Wengine wakapata kazi ya vitalu vya miche. Kwa miaka mingi Mkenya mtu mzima alilipa shilingi 100 getini, na mia hizo, zikijumlishwa na za wakimbiaji, waendesha baiskeli na wageni, ndizo zilizolipa watu hawa.

Matunda yake yanaonekana kwa macho. Mikaratusi iliyopandwa zamani kwa ajili ya kuni na mbao inaondolewa kidogo kidogo, na mahali pake inarudishwa miti ya hapa kwetu, muhugu, muthiga, mukinduri. Mbega weusi kwa weupe waliohamishwa kutoka upande wa Kipipiri, walikokuwa wakigombana na wakulima, sasa wanaruka juu ya vichwa vya watu wanaofanya mazoezi. Na wanawake wanakimbia humo peke yao saa kumi na mbili asubuhi. Mimi hicho ndicho kipimo changu, kuliko hata idadi ya miti.

Sasa tushuke Dandora, nisije nikaambiwa nimewahubiria matajiri. Dandora mnaijua kwa jaa lake, lililoanza miaka ya sabini na kutangazwa kuwa limejaa mwaka 2001, na mpaka leo malori yanaingia. Lakini mtaa wenyewe ulijengwa kwa mpango wa nyumba zinazozunguka ua mmoja wa pamoja. Nyua hizo zilikuwa zimegeuka majalala na maskani ya wezi. Vijana wa Dandora Transformation League wakaanzisha mashindano ya kuzisafisha: mnazoa taka, mnapanda nyasi na maua, mnaweka geti. Wakazi wanachanga ada ya usafi na ulinzi, vijana wanaosha magari na kulinda yanayolala pale. Hakuna balozi. Lakini tazameni, hesabu ni ileile ya Karura, kuna geti na kuna anayelipwa kulisimamia.

Linganisheni na bustani ya Michuki, pale ukingoni mwa Mto Nairobi karibu na mzunguko wa Globe. Waziri John Michuki aliisafisha, kila mtu akashangilia. Alipoondoka, takataka zikarudi na wahuni wakarudi, hadi ikabidi isafishwe upya na kufunguliwa tena mwaka 2020. Bustani ilikuwa ya waziri.

Ndiyo maana mvutano uliozuka Karura mwaka 2025 si kelele za watu wa Runda. Huduma ya Misitu iliagiza malipo yote ya getini yapitie eCitizen, mtandao wa malipo wa serikali, Friends of Karura wakapinga, jambo likafika mahakamani. Serikali ina hoja yake, pesa za umma zinatakiwa zionekane. Lakini mimi nauliza: shilingi ikishaingia hazina kuu, itarudi lini kumlipa yule kijana wa Huruma?

Tarehe 13 Novemba 2023 tulipewa sikukuu nzima ya kupanda miti, kwa sababu taifa linataka miti bilioni 15 kufikia 2032. Sina ugomvi na hilo. Ila mtakapokwenda kwenye vikao vya maoni juu ya bajeti ya kaunti, msiombe miche. Miche mtaletewa bure kila mvua zikikaribia, pamoja na mpiga picha. Ombeni mishahara ya watu wawili watatu wa mtaa wenu, mwaka mzima, ikiandikwa kwenye kitabu cha bajeti mkaiona. Mkijibiwa kwamba mazingira ni kazi ya kujitolea, muulizeni mjibuji kama na yeye anajitolea.

Asanteni. Nadhani mwenyekiti ameruhusu maswali.